Mzigo na Mchukuzi: Hukumu za Magendo katika Pwani ya Kilwa na Lindi

Katika lugha ya mahakama zetu pana kirai ambacho kila mfasiri hukutana nacho na kila mfasiri hukipita upesi: mkosaji wa mara ya kwanza. Kina walakini ndani yake. Mtu akikutajia mke wake wa kwanza, masikio yako yanamtafuta wa pili. Na akisimama wakili kumwombea mteja wake kwa kusema kwamba huyu ni mkosaji wa mara ya kwanza, amekwisha, pasi na kukusudia, kutufungulia hesabu ambayo twangojea iendelee. Wazee wa pwani wana namna nyingine ya kulisema jambo hilo. Mzee mmoja wa Milola, huko bara kidogo ya mji wa Lindi, alinena juu ya kijana wao aliyefungwa: "Mwalimu, huyu hajapata kuitwa barazani." (Mimi si mwalimu, sijapata kufundisha darasa lolote, lakini mtu anayetembea na madaftari katika vijiji vya ufuta na korosho hupewa jina hilo bila kuulizwa.) Katika maneno yake hakuna kuhesabu. Pana maisha mazima ya mtu, na ndani ya maisha hayo kuna baraza ambalo halikupata kumwita.

Mzee alikuwa na karatasi za hukumu, zimepigwa chapa kwa Kiingereza, naye alitaka nimsomee mahali pale palipoandikwa kwamba kijana alikuwa hana kosa la nyuma. Nilipapata. Palikuwa nusu ya sentensi, upande wa mashtaka ukikiri kwamba hauna kumbukumbu yoyote dhidi yake, na baada ya nukta ikafuata idadi ya miaka. Mzee aliniomba nirudie, akidhani nimeruka ukurasa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiitafuta historia ya ile nusu ya sentensi. Nimeitafuta katika pwani hii hii ya Kilwa na Lindi, kwa sababu ni nchache pwani zilizohukumiwa kwa magendo mara nyingi kama hii, na kwa mikono mingi kiasi hiki. Ninachokiona ni kwamba sheria zilizopita hapa, za Masultani, za Wazungu na zetu wenyewe, zimezoea kuuweka mzigo katika mizani kwanza, na mchukuzi akatiwa baadaye, ikiwa pana nafasi.

Tuanze na mzigo uliokuwa mbaya kuliko yote, yaani watu. Kilwa Kivinje ya miaka ya 1860 ilikuwa bandari kuu ya watumwa katika mrima. Daftari za forodha zilizonukuliwa mbele ya Bunge la Uingereza mwaka 1871 zilitaja watumwa 97,203 waliotolewa Kilwa kati ya mwaka 1862 na 1867, nao hao ni wale waliolipiwa ushuru tu. Biashara hiyo ilikuwa halali. Nahodha alibeba, mwenye mali alilipa, forodha iligonga muhuri. Kisha tarehe 5 Juni 1873 Sayyid Barghash, akiwa amebanwa na balozi John Kirk na manowari za Kiingereza, akautia mkono mkataba wa kuipiga marufuku biashara ya watumwa baharini. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Nahodha aliyetweka tanga Kilwa asubuhi akiwa mchukuzi wa kawaida, jioni alitia nanga akiwa mhalifu, na pengine hakujua. Sisemi haya kwa kumwonea huruma. Waliokuwa chini katika ngama ya jahazi lake ndio wenye haki ya huruma yetu. Nasema ili tuone jinsi kosa la mara ya kwanza linavyozaliwa. Mara nyingine mtu husimama pale pale aliposimama jana, na mpaka ukasogezwa ukampita.

Alihukumiwaje? Hapa sheria ya bahari ya Waingereza ina ajabu yake ambayo mshairi hawezi kuipita. Manowari ilipolikamata jahazi, mshitakiwa katika mahakama ya ubalozi pale Unguja alikuwa jahazi lenyewe. Kesi ilifunguliwa dhidi ya mbao na misumari, ushahidi ukatolewa juu ya mbao na misumari, na hukumu ikazishukia. Majahazi mengi yalichomwa moto au kuvunjwavunjwa. Meli ya HMS London, iliyotia nanga Unguja kuanzia miaka hiyo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1880 ikiwa kituo cha doria, ilituma mashua zake kila upande, na mabaharia wake walilipwa bahashishi kwa kila mtumwa aliyekombolewa na kwa ukubwa wa chombo kilichoteketezwa. Malipo ya namna hiyo yalizaa tamaa, na si majahazi yote yaliyoungua yaliyokuwa na hatia. Kuhusu nahodha, mahakama haikuwa na haja ya kuuliza kama alikuwa hajapata kufanya hivyo. Swali hilo haliulizwi mbele ya mbao.

Na mwenye mali? Alihamia nchi kavu. Baada ya bahari kufungwa, misafara ilitoka Kilwa kwa miguu kuelekea kaskazini, ikapita nyuma ya Dar es Salaam kwenda Pangani, ili watumwa wavushwe Pemba kwa njia fupi. Kapteni Frederic Elton, aliyetumwa na ubalozi kuikagua njia hiyo, aliwahesabu watu 4,096 waliopita katika muda wa mwezi mmoja tu, kuanzia Desemba 1873 hadi Januari 1874. Ilibidi Barghash atoe matangazo mengine mwaka 1876 kukataza hata misafara ya bara. Katika miaka hiyo yote mitatu majahazi yaliendelea kuungua, na fedha zilizoyatuma ziliendelea kukaa salama katika majumba ya mawe.

Wadachi walipokuja, mizani ilibadilika, maana wao hawakupenda kuhukumu mbao. Walihukumu mgongo. Amri ya Kansela ya tarehe 22 Aprili 1896 iliorodhesha adhabu ambazo mwenyeji angeweza kupewa: viboko, faini, kifungo na kazi ngumu, mnyororo, na kifo. Viboko kwa mara moja visizidi 25, na hapo ndipo lugha yetu ilipolipata lile neno ambalo bibi zetu walilitamka kwa kunong'ona hata Wadachi walipokwisha kuondoka: hamsa ishirini. Amri hiyo hiyo iliwatoa Waarabu na Wahindi katika viboko. Fikiria basi mzigo mmoja, wa pembe au wa baruti, umekamatwa umekwepa ushuru wa forodha. Aliyeukopesha fedha hapigwi kwa sababu ya asili yake. Aliyeubeba kichwani anapigwa kwa sababu ya asili yake. Mwaka mmoja kabla ya amri hiyo, Hassan bin Omari, aliyejulikana kwa jina la Makunjanya, mtu mwenye misafara na mwenye kupinga ushuru, alinyongwa Kilwa Kivinje juu ya mwembe ambao mpaka leo waitwa Mwembe Kinyonga. Tukumbuke pia kwamba mjini Lindi ndiko alikokaa Abdul Karim bin Jamaliddini, aliyeandika utenzi wa Vita vya Maji Maji. Washairi wa pwani hii wameona kamba na viboko kwa macho yao, wala hawakuhitaji kubuni.

Waingereza waliporudi, safari hii kwa jina la udhamini, walileta Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1930, na ndani yake, lazima niseme kwa haki, mlango. Kifungu cha 38 kinamruhusu hakimu, akiisha kumwona mtu ana hatia, amwachilie bila adhabu au kwa masharti, akizingatia tabia yake, mwenendo wake wa nyuma, umri wake, afya yake na udogo wa kosa. Kifungu hicho kingali hai. Ndicho mahali pa kwanza, katika sheria zilizotawala pwani hii tangu forodha ya Kilwa, ambapo naona mtu akipimwa kwa maisha yake. Lakini ni mlango wa makosa madogo. Adhabu ikishatajwa kwa lazima, mlango hufungwa.

Na sisi wenyewe, baada ya Uhuru, tulikuwa na haraka ya kuufunga. Sheria ya Adhabu za Chini ya mwaka 1963 ilitaka mwizi wa mali ya umma na mla rushwa afungwe miaka isiyopungua miwili, na achapwe viboko 24, yaani 12 siku ya kuingia gerezani na 12 siku ya kutoka. Mwalimu Nyerere, alipoikumbusha sheria hiyo katika miaka yake ya mwisho, alisema vile vya kutokea vilikuwa ili mtu akamwonyeshe mkewe, na ukumbi ukacheka. Kicheko hicho kimenikaa. Ndani ya sheria hiyo hiyo, hata hivyo, palikuwa na dirisha dogo: ikiwa mtu hajapata kutiwa hatiani, na thamani ya mali haizidi shilingi 100, na pana mazingira ya pekee, hakimu angeweza kumpunguzia. Tazama jinsi dirisha lilivyojengwa. Usafi wa maisha yako ya nyuma ulikuwa na thamani, lakini hadi shilingi 100. Shilingi ya 101 iliuondoa.

Sheria hiyo ilibadilishwa mwaka 1972. Mwaka 1983 ikaja vita dhidi ya wahujumu uchumi, na neno magendo, ambalo wasafiri wa majahazi walilitumia kwa mzaha, likawa neno la kutisha redioni. Sabuni na khanga zilitupwa vichakani usiku na watu waliozinunua kwa fedha zao. Nimeamua nisikae hapo, maana wasomaji wengi wa rika langu wanayo kumbukumbu yao na hawahitaji yangu.

Sasa tuje kwenye unga. Heroini ilianza kuonekana katika visiwa na miji ya pwani katika miaka ya 1980, kwanza ikipita, kisha ikibaki. Msomaji wa Unguja, wa Mombasa au wa Lindi hahitaji kufundishwa ilichokifanya. Lugha nayo ilitoa ushahidi wake: kete, ambayo kwa baba zetu ilikuwa mbegu ya kuchezea bao barazani, ikawa kipimo cha kuvuta, na punda, mnyama wetu mvumilivu wa vichochoro, akawa kijana anayemeza vifurushi na kupanda ndege, au anayepewa begi alipeleke mahali bila kuulizwa lina nini. Mwenye begi aliitwa zungu la unga. Majina haya waliyatunga watu wa mitaani, na yamebeba sheria nzima ndani yake. Punda hana mzigo ulio wake.

Sheria Na. 9 ya mwaka 1995 ilitaja kifungo cha maisha kwa msafirishaji, lakini iliachia mahakama nafasi fulani, ndiyo maana tuliona vifungo vya miaka 25 pamoja na faini za mamilioni. Mwaka 2015 ikaja Sheria Na. 5, iliyoanzisha Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, na marekebisho ya mwaka 2017 yakaikaza: kiasi kikubwa, kifungo cha maisha, kiasi kidogo, miaka 30. Mstari kati ya adhabu hizi mbili umechorwa kwa uzito, kwa gramu na kilo. Jaji anapofika kwenye adhabu, kazi kubwa imekwisha kufanywa na mkemia. Bado atamuuliza wakili wa Serikali kama pana kumbukumbu za makosa ya nyuma, na bado mshitakiwa atapewa nafasi ya kuomba shufaa. Lakini shufaa, kama tulivyofunzwa madrasa, ni maombezi mbele ya mwenye uwezo wa kusamehe. Kuombewa mbele ya mtu ambaye sheria imemfunga mikono ni ibada ya namna gani?

Januari 2012 pwani ya Lindi ilitajwa ulimwenguni kwa mzigo mmoja: kilo 210 na zaidi za heroini zilikamatwa huko, kiasi kilichokuwa hakijapata kuonekana nchini kwa wakati ule. Watu walishangaa, kwa nini Lindi? Aliyeisoma historia ya Kilwa asingeshangaa. Baharini ukifunga mlango mmoja, kusi na kaskazi hufungua mwingine, na pwani yenye hori nyingi na doria chache ndiyo ile ile iliyochaguliwa mwaka 1873. Mfanyabiashara aliyehusishwa na mzigo huo alikamatwa uwanja wa ndege wa Dar es Salaam mwaka 2014. Machi 2016 Wizara ya Fedha ya Marekani ikamweka katika orodha yake ya vigogo wa dawa za kulevya. Mwaka 2017 akapelekwa Marekani kujibu mashtaka. Kwa mara moja, basi, mizani ilimtafuta mwenye mali. Ilibidi itoke ng'ambo ya bahari mbili.

Pana hoja nzito ya upande wa pili, na singependa kuiepuka. Wenye biashara hii huwachagua kwa makusudi watu wasio na doa: binti mwenye pasipoti safi, kijana asiyejulikana na polisi, mama anayekwenda kununua nguo Guangzhou. Mahakama ikiwapunguzia adhabu kwa sababu ya usafi huo, itakuwa imewapa matajiri wa unga sababu zaidi ya kuwatumia. Hoja hii iliwekwa wazi na Mahakama ya Rufani ya Uingereza mwaka 1982 katika kesi ya Aramah: tabia njema ya mbebaji isipewe uzito ule inayopewa katika makosa mengine. Nimeisoma mara nyingi na sijaona pa kuivunja kwa upande wa mantiki. Ila natambua inachokifanya. Mahali pengine pote maisha safi humsaidia mtu. Hapa yamegeuzwa kuwa ndiyo sababu aliyoajiriwa, na kwa hiyo hayamsaidii. Mtu anaadhibiwa ili kumtia hofu mtu mwingine ambaye hajachaguliwa bado. Na yule wa kuchaguliwa kesho, aliye Milola au Kilwa Masoko, hasomi ripoti za kesi. Husoma uso wa anayemwahidi nauli na mtaji.

Waingereza wenyewe hawakubaki pale. Mwongozo wao wa adhabu ulioanza kutumika Februari 2012, mwezi mmoja baada ya mzigo wa Lindi, uliwataka majaji waulize kwanza nafasi ya mtu katika biashara: aliongoza, au alitumwa, alifaidika, au alishurutishwa. Uzito wa mzigo bado unahesabiwa, lakini unagawanywa na nafasi ya mtu. Mbebaji aliyerubuniwa aweza kupata miaka michache, na aliyemtuma akapata mingi. Hilo ndilo ambalo sheria yetu ya gramu hailiwezi: mbele yake, mwenye jahazi na kuli wa jahazi waliokamatwa na mzigo mmoja ni watu sawasawa, na kwa kuwa mwenye jahazi kwa kawaida hayumo jahazini, usawa huo humwangukia kuli. Wala hakuna pa kutokea nyuma. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002, inayomwezesha mtu atumikie adhabu akiwa kwao, ni ya makosa ambayo kifungo chake hakizidi miaka mitatu. Na matangazo ya msamaha wa Rais, ambayo familia huyasubiri kila sikukuu ya taifa wakiwa wameizunguka redio, kwa kawaida huwatoa waliofungwa kwa dawa za kulevya kabla hayajaanza kuwataja waliosamehewa.

Mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kwa sisi wafasiri ni furaha, na kazi itatutosha miaka mingi. Hukumu ya kesho ya Lindi yaweza kusomwa Milola bila kunihitaji mimi. Itasomwa vizuri, na nusu ya sentensi itabaki nusu ya sentensi.

Huko baharini mambo yanakwenda kwa namna nyingine. Agosti 2014 Kenya iliilipua na kuizamisha nje ya Mombasa meli ya Al Noor, iliyokuwa imekamatwa na zaidi ya kilo 300 za heroini, na Rais Uhuru Kenyatta akashuhudia kwa macho. Mbao zilihukumiwa tena, safari hii zikiwa chuma. Miezi michache kabla ya hapo, tarehe 23 Aprili, manowari ya Australia HMAS Darwin ilisimamisha jahazi maili kama 27 mashariki ya Mombasa na kukuta kilo 1,032 za heroini ndani ya magunia ya saruji. Ulikuwa mzigo karibu mara tano ya ule wa Lindi. Lakini jahazi lilikuwa bahari kuu, na hapakuwa na mahakama yenye kulidai. Unga ukateketezwa. Hakuna aliyeulizwa kama hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza, na kama ilivyo desturi ya vikosi vya doria katika maji hayo, mabaharia waliachwa na chombo chao waende zao.